Mama mkwe ataka niache kazi, mama mzazi akataza, nami usiku silali

Shikamoo Shangazi.

Nina miaka 33, nina shahada ya pili na kazi yangu ni uchambuzi wa takwimu. Mwanangu wa kwanza ametimiza miezi minne na wiki moja. Likizo ya uzazi niliiunganisha na ya mwaka, na zote zinakwisha baada ya wiki tatu. Sijui nifanye nini.

Mama mkwe ameshanitamkia waziwazi: "Mwanangu hakuoa vyeti." Anataka niache kazi hadi mtoto aanze shule. Mama yangu mzazi, aliyejinyima mengi ili nisome, akisikia tu habari ya kuacha kazi ananijia juu: "Sikukusomesha uje ukae nyumbani." Nikimsikiliza mmoja, mwingine ataona nimemdharau.

Kazini, mradi niliokuwa nauongoza amepewa mwenzangu. Bosi aliniandikia kwa upole kabisa kwamba wamenipunguzia mzigo kwa kuwa nina mtoto mchanga. Sikuomba kupunguziwa.

Mume wangu si mtu mbaya. Ananisaidia: anapika, anaosha chupa, anabadilisha nepi. Ila mpaka nimwambie. Wiki iliyopita alimpeleka mtoto kliniki kupata chanjo ili mimi nilale kidogo. Akanipigia simu mara nne: kadi iko wapi, avae nini, abebe nepi ngapi, tarehe ya kurudi ikubaliwe ipi. Sikulala.

Nimenunua pampu ya umeme ya kukamulia maziwa. Mara ya kwanza, saa moja hivi baada ya kunyonyesha, nilipata mililita 40 kwa matiti yote mawili. Tangu hapo nina hofu kwamba mtoto hashibi.

Nasoma kila kitu kuhusu malezi. Kwenye simu nina jedwali la dakika alizonyonya, dakika alizolala na kila nepi. Usiku akilala, mimi naamka kukagua kama anapumua, mara sita, mara saba. Na hii ni wiki ya tano nalia bafuni karibu kila siku bila sababu ninayoweza kuieleza. Mume wangu hajui.

Niache kazi au nirudi? Na nikirudi, nitafanyaje nisiwe nusu mama, nusu mfanyakazi?

Mama Mpya

* * *

Marahaba mwanangu.

Umeuliza kuhusu kazi, lakini sentensi iliyonishtua iko mwishoni mwa barua yako, ile ya bafuni. Nitaanza nayo, kwa sababu mtu asiyelala na anayelia kila siku hapaswi kuamua jambo litakalomfuata kwa miaka.

Machozi ya siku za mwanzo huwapata akina mama wengi. Huanza siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, homoni zinaposhuka ghafla, na kwa kawaida hukoma yenyewe ndani ya wiki mbili. Yako yalianza mtoto akiwa na miezi mitatu, na yamedumu wiki tano. Hilo ni jambo jingine. Sonona ya baada ya kujifungua inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, na wakati mwingine huja na hofu kuliko huzuni: kukagua pumzi, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, moyo usiotulia. Sisemi unayo. Nasema ukapimwe wiki hii.

Lipo dodoso liitwalo la Edinburgh, lililotolewa mwaka 1987, lenye maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita. Kila jibu lina alama kati ya 0 na 3, jumla 30. Limetafsiriwa kwa lugha nyingi, na wakunga wengi wanalifahamu. Alama 13 na kuendelea ni ishara nzito. 10 hadi 12 nazo zinahitaji mazungumzo na mtaalamu. Swali la 10 linauliza kama umewaza kujidhuru. Kwa hilo, kama jibu lako si "kamwe", usisubiri miadi. Mwambie mumeo na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Tatizo linaloharibu ziara nyingi za daktari ni hili: mama anasema "nimechoka tu", daktari anajibu "ni kawaida ukiwa na mtoto mchanga", na wote wawili wanaishia hapo. Wewe ni mtu wa takwimu, basi mpelekee takwimu. Mwambie: "Nimelia karibu kila siku kwa wiki tano. Naamka mara sita hadi saba kumkagua mtoto aliyelala. Hata akiwa mikononi mwa mtu mwingine, usingizi hauji." Omba pia upimwe wingi wa damu na tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Tezi hiyo huweza kuvimba katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, moyo ukaenda mbio na wasiwasi ukazidi, kisha uchovu ukafuata, na mama akaambiwa ni mawazo. Ukipewa dawa, sema wazi kwamba unanyonyesha. Zipo ambazo mama anayenyonyesha hutumia bila kumwachisha mtoto.

Mumeo naye aambiwe leo. Usimweleze kwa mafumbo. Mwonyeshe aya hiyo ya barua yako kama ulivyoniandikia mimi.

Kuhusu kumkagua mtoto usiku: kinachomlinda ni mpangilio wa kitanda chake. Alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mto wala blanketi zito wala midoli, kwenye kitanda chake mwenyewe ndani ya chumba mnacholala, na pasiwe na moshi wa sigara nyumbani. Hayo yakiwa yametimia, kuamka mara saba hakumwongezei usalama wowote. Kagua mpangilio mara moja kabla ya kulala, zima taa.

Sasa jedwali lako. Wanawake waliosoma sana wana mtego wao, nao umejengwa na kilekile kilichowafikisha walipo. Shuleni ukisoma zaidi unapata alama zaidi. Mtoto hafuati kanuni hiyo. Takwimu za nchi 11 za Magharibi zinaonyesha kwamba mwaka 1965 mama alitumia wastani wa dakika 54 kwa siku kumshughulikia mtoto moja kwa moja. Mwaka 2012 zilikuwa dakika 104. Na waliopandisha wastani huo zaidi ni akina mama wenye elimu ya juu, waliofikia dakika 123 hivi, ilhali wengi wao pia walikuwa wameajiriwa. Yaani muda wa kazi umeongezeka na muda wa mtoto umeongezeka, na saa 24 zimebaki zilezile. Kilichokatwa ni kazi nyingine za nyumbani, na mara nyingi usingizi na mapumziko ya mama pia. Kwa hiyo ukijiona unashindwa, fahamu kwamba kipimo unachojipimia kimekuwa kikirefushwa mwaka hadi mwaka.

Donald Winnicott, daktari wa watoto na mtaalamu wa tiba ya saikolojia wa Uingereza, aliandika katikati ya karne iliyopita kuhusu mama anayetosha. Alieleza kwamba mwanzoni mama humwitikia mtoto karibu kwa kila kitu, kisha kidogo kidogo anachelewa, anakosea, anamwacha asubiri kwa kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia, na ni katika mapengo hayo madogo mtoto anajifunza kwamba dunia ipo nje yake. Mama asiyekosea kamwe angemnyima mwanawe somo hilo. Futa jedwali. Bakiza vitu viwili tu: nepi zilizolowa, ambazo zikifika sita au zaidi kwa saa 24 ni dalili kwamba maziwa yanaingia, na uzito unaopimwa kliniki. Mtoto anayekojoa vizuri na kuongezeka uzito anashiba, hata kama pampu inasema vingine.

Hizo mililita 40 zisikutishe kabisa. Ulikamua saa moja baada ya mtoto kumaliza, yaani ulichota kilichobaki na kilichoanza kujaa upya. Kwa mama anayenyonyesha muda wote, mililita 15 hadi 60 baada ya mtoto kunyonya ni kiasi cha kawaida. Pampu haipimi maziwa uliyonayo. Inapima tu ilichoweza kuvuta.

Tufanye hesabu ya kazini. Mtoto anayenyonya wa mwezi mmoja hadi sita hunywa wastani wa mililita 750 hivi kwa siku nzima, na kiasi hicho hakipandi sana katika kipindi hicho. Kwa kila saa utakayokuwa mbali, kadiria mililita 30 hadi 45. Ukitoka kwa saa tisa, safari ikiwemo, ni mililita 270 hadi 400, sawa na chupa tatu au nne za mililita 90 hadi 100. Huhitaji kujaza friza. Unahitaji akiba ya siku moja na nusu, tuseme mililita 600, kwa sababu unayokamua Jumatatu kazini ndiyo chakula cha Jumanne. Kamua mara moja kwa siku kuanzia kesho, asubuhi baada ya nyonyo la kwanza, maana ndipo maziwa huwa mengi. Dakika 15 zinatosha. Hata ukipata 40 tu, wiki tatu zinakupa zaidi ya 800.

Pampu ikiuma au ikitoa kidogo, angalia funeli, ule mdomo wa pampu unaokaa juu ya titi, kabla ya kulaumu mwili. Nyingi zinauzwa na funeli ya milimita 24, na si kila chuchu inafaa humo. Chuchu inatakiwa kwenda mbele na nyuma bila kusugua ukingo, na weusi wa titi usivutwe ndani kwa wingi. Pima upana wa chuchu kwa rula kwenye shina lake, uchague funeli inayozidi kipimo hicho kwa milimita chache tu. Kitu kingine ambacho watu hukisahau ni vali, kile kipande kidogo laini cha mpira. Kikichanika kidogo au kikilegea, nguvu ya kuvuta inashuka na maziwa yanapungua ghafla baada ya wiki kadhaa, na mama anadhani yamekauka. Weka vali za akiba mbili nyumbani, moja ofisini.

Kazini kamua kila baada ya saa tatu hivi, mara mbili au tatu, dakika 15 hadi 20 matiti yote kwa pamoja. Maziwa mabichi yanakaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na ubora wake kwenye friza ni mzuri hadi miezi 6. Yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunywa yamwagwe baada ya saa 2. Gandisha kwa vifurushi vidogo vya mililita 60 hadi 90, uviandike tarehe, na vya zamani vitangulie. Pasha kwa kuweka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kamwe si kwenye maikrowevu, kwa kuwa huacha sehemu zenye moto unaoweza kumchoma kinywa.

Anayemlisha afundishwe kumkalisha mtoto nusu wima, chupa ilale karibu sambamba na sakafu, na kila baada ya dakika chache aitoe apumzike. Mtoto akilazwa chali na chupa ikisimamishwa, maziwa yanamwagika kooni, anameza mililita 150 kwa dakika tano, kisha unaambiwa jioni kwamba maziwa uliyoacha hayakutosha. Akiikataa chupa, mtu mwingine ndiye ampe, wewe ukiwa umetoka kabisa nje ya nyumba, na apewe kabla hajalia kwa njaa. Anzeni wiki hii. Wengi huanza siku mbili kabla ya kurudi kazini, ndipo vilio vinapotokea.

Titi likiwa na uvimbe, wekundu na maumivu, endelea kunyonyesha kama kawaida, weka kitambaa cha baridi, wala usikamue kupita mahitaji ya mtoto kwa nia ya kulimaliza; kukamua zaidi huongeza maziwa na uvimbe. Ukipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, au hali isipobadilika ndani ya siku moja, nenda kwa daktari. Na siku maziwa yasipotosha, maziwa ya kopo ya mtoto hayafuti umama wako. Utarudi kazini akiwa na miezi mitano, na Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vingine vianze akitimiza sita. Sehemu ngumu ya mpango huu ni ya wiki nne au tano tu.

Mumeo. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu naona ndipo uchovu wako mwingi ulipo. Mwaka 2019 mwanasosholojia wa Marekani, Allison Daminger, alichapisha utafiti aliowahoji wanandoa 35, akaonyesha kwamba kazi ya kuwaza nyumbani ina sehemu nne: kutarajia kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, na kufuatilia kama kimefanyika. Kuamua ndiko wanandoa walikokufanya pamoja zaidi. Kutarajia na kufuatilia kuliwaangukia wanawake zaidi. Sasa irudie safari ya kliniki. Mumeo alibeba mtoto. Wewe ulikumbuka tarehe, ulijua kadi ilipo, ulichagua nguo, ulipanga tarehe ijayo. Alifanya sehemu moja inayoonekana, na wewe ukafanya kazi nzima ukiwa kitandani.

Kwa hiyo usimgawie vipande. Mkabidhi kazi nzima, pamoja na kuiwaza. Tafuteni dakika 45 jioni moja mtoto akiwa amelala, mwandike kila kinachomhusu kwa wiki, na mbele ya kila kimoja jina moja tu. Ningeanza na kliniki: tarehe ziingie kwenye simu yake, kadi ikae kwenye mkoba atakaouandaa yeye, yeye ndiye aulize muuguzi nini cha kufanya mtoto akipata homa baada ya sindano. Kisha chupa na vifaa vya pampu: kuosha kila vinapotumika, kuvianika vikauke kwa hewa, kujua vali zikipungua, kupanga maziwa ya kesho. Kubalianeni kiwango cha chini kinachowaridhisha nyote wawili. Kwa kliniki, chanjo isipite tarehe na uzito uandikwe. Avae soksi za rangi gani si sehemu ya kiwango.

Kinachovunja mpango huu, mara nyingi, ni wiki mbili za kwanza. Atasahau nepi. Atampa mtoto nguo iliyobana. Ukiingia kurekebisha, kazi inarudi kwako siku hiyohiyo na hatainyanyua tena. Ingilia pale tu ambapo mtoto ataumia au chanjo itapotea. Akipiga simu kuuliza kadi ilipo, jibu "wewe ndiye uliyeiweka" na ukate kwa upendo. Na uache kusema anakusaidia. Mtoto ni wake.

Zamu ya usiku pia ni kazi nzima. Mwachie kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, na chupa moja ya maziwa uliyokamua. Nyonyesha saa tatu kasorobo, nenda chumba kingine, ziba masikio, funga mlango. Saa tano mfululizo mara nne kwa wiki zitakufaa kuliko saa nane zilizokatika. Siku za mwanzo matiti yatajaa. Kamua kidogo tu kupunguza maumivu, kisha yatazoea.

Kuhusu wazazi, kila mtu azungumze na mama yake. Mama mkwe akisikia kutoka kwako, atasikia mkwe anayejibizana. Akisikia kutoka kwa mwanawe, amesikia uamuzi wa nyumba. Aseme: "Mama, habari ya kazi tumeiamua sote wawili na imekwisha. Tutafurahi ukija kukaa na mjukuu wako." Akirudia, naye arudie maneno yaleyale, bila kuongeza sababu. Ukianza kueleza sababu umefungua mjadala, na mjadala na mzazi hauishi. Kwa mama yako, sema ukweli: hujaacha kazi, ila hujisikii vizuri na unakwenda kwa daktari. Mtu aliyejinyima ili usome atalielewa hilo, na pengine ndiye atakayekushika mkono kuliko wote.

Hofu kwamba mtoto ataharibika akilelewa na mwingine mchana nayo ina majibu. Utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1991 uliwafuatilia watoto zaidi ya 1,300. Ulionyesha kwamba hali ya nyumbani, hasa jinsi mama anavyomsoma na kumwitikia mwanawe, ilibashiri ukuaji wake kuliko saa alizolelewa na mtu mwingine. Ubora wa mlezi ulikuwa na uzito pia, kwa hiyo mjaribuni mapema. Siku ya kwanza akae saa mbili wewe ukiwepo. Siku ya tatu toka saa moja. Wiki ya pili nusu siku, mara tatu. Mtazame anavyomwitikia mtoto anapolia: anamwangalia usoni, au anamtikisa huku akitazama simu? Hilo linatosha kukuambia mengi. Ukiondoka, aga. Ukitoroka mtoto anajifunza kukuchunga.

Bosi wako sasa. Claudia Goldin, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya tofauti ya kipato kati ya wanaume na wanawake wa kazi ileile hufunguka anapozaliwa mtoto wa kwanza, hasa kwenye kazi zinazolipa zaidi wanaopatikana wakati wote. Na katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2007, waajiri walitumiwa maombi ya kazi yenye sifa zilezile. Wanawake wasioonekana kuwa na watoto waliitwa mara 2.1 zaidi ya akina mama. Akina baba hawakuadhibiwa. Upole wa bosi wako hauondoi hasara. Mradi ukishaondoka kimyakimya, tathmini ya mwaka itaandikwa kwamba hukuongoza chochote.

Omba kikao cha dakika 30 wiki mbili kabla ya kurudi. Usifungue kwa kuomba radhi wala kwa habari za mtoto. Sema: "Nashukuru kwa kunifikiria. Uamuzi wa kupunguziwa ningependa tuufanye pamoja. Mradi ule naomba kurudishiwa, au nipewe mwingine wa ngazi ileile, na tuandike tarehe." Kisha omba chumba chenye mlango unaofungika, soketi, na nafasi mbili za kukamua zilizowekwa kwenye kalenda yako kama vikao. Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ya mlichokubaliana. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, haki ya kurudi kwenye nafasi yako au inayolingana nayo kwa mshahara uleule, na mapumziko ya kunyonyesha yanayohesabiwa kuwa muda wa kazi na kulipwa. Unazibana nchi zilizouridhia, na nyingine nyingi zina sheria zao, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya kwenu na mkataba wako kabla ya kikao.

Ushauri wangu: rudi, lakini daktari akutazame kwanza. Akisema unahitaji muda zaidi, omba likizo ya ugonjwa, usiandike barua ya kuacha kazi. Barua hiyo ni vigumu kuirudisha. Likizo ina tarehe ya mwisho. Weka siku miezi mitatu baada ya kurudi, wewe na mumeo mkae mtathmini upya. Siku hiyo msipige hesabu ya mshahara kutoa malipo ya mlezi peke yake. Hesabuni na michango ya uzeeni, vyeo ambavyo ungevipanda, na ugumu wa kuingia tena baada ya miaka minne. Baada ya hesabu hiyo, ukiona bado unataka kukaa na mwanao, kaa, na uamuzi utakuwa wako, si wa mama yeyote kati ya wale wawili.

Kama bosi atakubali, anza siku ya Alhamisi. Zitakuwa siku mbili tu, kisha wikendi ya kurekebisha kilichokwama. Usiku wa Jumatano mumeo apange mkoba wa pampu: funeli mbili, vali ya akiba, chupa nne, pakiti za barafu, na blauzi ya pili ya rangi iliyokolea, kwa sababu kikao cha kwanza kikichelewa kwisha maziwa yatavuja.

Shangazi